Mtihani wa vikombe vitatu: jioni ya kuonja pombe Lipangalala

Msomaji, kabla hatujaanza nikuulize kitu. Zile fomu za shule zenye mstari wa "kazi ya mzazi", wewe ulikuwa unajaza nini? Mimi kuanzia kidato cha kwanza mpaka naomba nafasi ya shahada ya uzamili nilijaza "mkulima". Si uongo mtupu. Mama analima mpunga, kama watu wengi wa Ifakara. Ila ada yangu haikutoka kwenye mpunga, maana mpunga una miaka yake: mwaka huu unavuna, mwaka unaofuata mto Lumemo unafurika na unabaki unaangalia maji. Ada ilitoka kwenye komoni. Mama ni mpika pombe, na mimi kwa miaka kumi na kitu sikuwahi kuliandika neno hilo mahali popote.

Leo naliandika kwa sababu ya jioni moja ya mwezi uliopita, hapa hapa Lipangalala, tulipokaa kuonja bia na pombe kama watu wa mjini. Tulianza kwa utani. Mpaka naondoka pale nilikuwa na maswali ya historia ambayo sijayamaliza hadi sasa, na nataka tuyapitie pamoja.

Jioni yenyewe

Mwenzetu mmoja alirudi kutoka Dar es Salaam na katoni la bia za krafti, yaani zile zinazopikwa kwa kiasi kidogo na viwanda vidogo. Moja ina harufu ya kahawa, nyingine chungu kama kwinini. Huko Dar alihudhuria jioni ya kuonja bia kwenye baa moja: mnapangiwa glasi ndogo ndogo, mtu anawaeleza kila moja imetokana na kimea gani, mnanusa, mnaonja, mnajadili. Akasema, "Na sisi tufanye." Tukaongea na mwenye baa wa mtaani kwetu. Akatupa meza ya nje kwa masharti mawili: nyama choma tule ya kwake, na tusiwaharibie wateja wake jioni.

Tulikuwa tisa, karibu wote wanafunzi wa uzamili na wasaidizi wa utafiti. Wanane wa kuonja, mimi wa kumimina. Mezani kulikuwa na zile bia za krafti, aina mbili za lager za kawaida zinazopatikana kila baa nchini, madumu mawili ya komoni, dumu la ulanzi lililoteremka na gari kutoka nyanda za juu, na jagi la togwa. Dumu moja la komoni lilikuwa la mama. La pili lilikuwa la jirani yake, anayepika nyumba kama tano kutoka kwetu. Walipouliza nimezitoa wapi nikajibu, "Nimenunua kilabuni." Unaona? Hata hapo, mbele ya marafiki zangu, nilikwepa.

Sasa, kwa kuwa sisi ni watu wa data, tukasema tusionje kiholela. Tukafanya mtihani wa vikombe vitatu. Unampa mtu vikombe vitatu vya plastiki visivyo na alama, viwili vina kinywaji kilekile na kimoja kina tofauti, naye atafute kilicho tofauti. Akibahatisha tu, ana nafasi moja kati ya tatu ya kupata. Mbinu hii si yetu. Maabara za kampuni ya bia ya Carlsberg, Denmark, zilikuwa zinaitumia miaka ya 1940 kupima kama walaji wataona tofauti kati ya bia mbili.

Raundi ya kwanza tuliweka zile lager mbili. Watu waliokuwa wameapa kwamba lager yao wanaijua hata gizani walinusa, wakaonja, wakafumba macho. Waliopata walikuwa watatu kati ya wanane. Raundi ya pili tuliweka komoni ya mama na ya jirani. Waliopata walikuwa saba kati ya wanane.

Hebu tupige hesabu. Kama watu wanane wote wanabahatisha, uwezekano wa watatu au zaidi kupata ni asilimia 53 hivi. Yaani matokeo ya lager hayana tofauti na kurusha kete. Lakini uwezekano wa saba au zaidi kupata kwa kubahatisha ni chini ya 3 kati ya 1,000. Wale watu hawakubahatisha. Madumu mawili ya komoni, yaliyotoka mtaa mmoja, kwa nafaka zilizonunuliwa soko moja, yalikuwa na ladha mbili zinazotofautika wazi, wakati lager mbili zenye majina na rangi tofauti ziliwachanganya.

Ulikuwa mchezo wa baa, usiupeleke kwenye jarida. Ila kwa nini ikawa hivyo? Jibu lina upande wa biolojia na upande wa historia.

Ndani ya kopo kuna nini

Pombe yoyote ya nafaka ina tatizo moja la kutatua kwanza. Chachu, vile viumbe vidogo vya seli moja vinavyotengeneza kilevi, vinakula sukari. Nafaka haina sukari ya kutosha, ina wanga. Lazima mtu auvunje ule wanga uwe sukari. Mama anafanya hivi: analoweka ulezi, anautandaza na kuufunika mpaka uote vijimizizi, anauanika, anausaga. Hicho ndicho kimea. Mbegu inapoota hutengeneza vimeng'enya vya kuvunja wanga ili mche upate chakula, na mpika pombe anaviiba vimeng'enya hivyo kabla mche haujavitumia. Kisha kimea kinachanganywa na uji wa mahindi uliopikwa, na kazi inaanza.

Mwaka 1833 Wafaransa wawili, Anselme Payen na Jean-François Persoz, walitenga kitu kutoka kwenye kimea cha shayiri kinachogeuza wanga kuwa sukari. Wakakiita diastasi. Kilikuwa kimeng'enya cha kwanza kutengwa duniani. Ukifungua kitabu cha biokemia utakuta sura ya vimeng'enya inaanzia hapo, kwenye malighafi ya pombe.

Baada ya sukari kupatikana wanaingia wageni. Chachu hubadilisha sukari kuwa alkoholi na gesi ya kaboni dioksaidi, ile inayofanya dumu livimbe. Pamoja nayo wanakuja bakteria wa asidi ya laktiki, wanaoleta ule uchachu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, walichunguza togwa na kuchapisha matokeo yao mwaka 2003. Walikuta jamii nzima ya viumbe: bakteria wa laktiki wa aina kadhaa pamoja na chachu, ikiwemo *Saccharomyces cerevisiae*, ndugu wa ile hamira ya maandazi. Hakuna aliyewapanda kwa sindano. Wanatoka kwenye kimea, kwenye chombo, na kwenye mabaki ya mpiko uliopita.

Hayo mabaki ndiyo siri ya dumu la mama. Pipa lake halisuguliwi kwa sabuni mpaka ling'ae, na machicha kidogo ya mpiko wa juzi huingia kwenye mpiko wa leo. Kwa hiyo wadudu wa pipa lile wamekuwa wakirithishana kwa miaka. Jirani naye ana pipa lake na ukoo wake wa wadudu. Tena pombe hii inauzwa ikiwa hai, haijachujwa ikakauka wala haijachemshwa kuua vijidudu, na ya asubuhi si sawa na ya jioni. Ndiyo maana watu saba waliona tofauti.

Na lager je? Hapo inabidi twende Ulaya kidogo.

Takwimu zilizotoka kiwandani

Mwaka 1876 Louis Pasteur alichapisha kitabu kizima kuhusu bia, akieleza kwamba bia huharibika kwa sababu ya viumbe vidogo wasiotakiwa. Mwaka 1883 Emil Christian Hansen, akiwa maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, akafanikiwa kutenga ukoo mmoja wa chachu ya lager na kuuotesha peke yake. Kuanzia hapo kiwanda kingeweza kupika bia leo na kesho na mwakani, zote zikawa sawa. Lengo lilikuwa hilo hilo: mnywaji asione tofauti. Marafiki zangu waliposhindwa kutofautisha lager mbili, walikuwa wanathibitisha kwamba kazi iliyoanza 1883 imefaulu, na sasa viwanda vingi duniani vinapika kwa njia inayokaribiana.

Maabara hiyo hiyo ya Carlsberg, mwaka 1909, S. P. L. Sørensen alibuni kipimo cha pH. Kile unachochovya kwenye kimiminika kila siku maabara, kilizaliwa kwenye kampuni ya bia.

Halafu kuna William Sealy Gosset. Huyu aliajiriwa na Guinness, Dublin, mwaka 1899. Kazi yake ilihusu shayiri na ubora wa bia, na tatizo lake unalijua: sampuli chache. Huwezi kupanda shayiri mashamba elfu moja ili ujue mbegu ipi bora. Akatafuta njia ya kupima wastani kwa sampuli ndogo, akaichapisha mwaka 1908 kwenye jarida la *Biometrika*. Kampuni haikutaka wafanyakazi wake waandike kwa majina yao, basi akajiita "Student", yaani mwanafunzi. Ule mtihani wa t unaoutumia kwenye tasnifu yako, unaoitwa mpaka leo mtihani wa t wa Student, ni wa mfanyakazi wa kiwanda cha pombe aliyeficha jina.

Niliposoma habari za Gosset mara ya kwanza, nilikuwa mwaka wa kwanza wa uzamili, usiku, umeme umekatika, nasoma kwa mwanga wa simu. Nilisimama nikatoka nje. Miaka yote najaza "mkulima", na kumbe nusu ya zana ninazotumia zilitengenezwa na watu waliolipwa mishahara kwa pombe. Tofauti yetu ni kwamba kwao palikuwa na maabara, jarida na fedha za utafiti, na kwetu palikuwa na leseni, faini na mgambo. Hilo halikutokea kwa bahati.

Sheria ilipoingia kikombeni

Huku kwetu pombe ilikuwepo zamani kabla ya wageni. Wasafiri wa karne ya 19, akiwemo Richard Burton aliyepita 1857 hadi 1859, wanaitaja pombe katika habari zao za bara. Kila sehemu ina yake: mbege ya Wachaga kwa ndizi na ulezi, ikitiwa uchungu kwa gome la msesewe kama Wazungu wanavyotumia hopsi, rubisi ya Bukoba, mnazi wa pwani, ulanzi wa Iringa na Njombe. Sehemu kubwa ya pombe hiyo haikuwa bidhaa ya duka. Ilikuwa ya tambiko, ya harusi, ya msiba, na ya kuwashukuru majirani waliokuja kukulimia kwa ujima.

Wajerumani walipoleta kodi ya kibanda mwaka 1897, kila kaya ikahitaji fedha taslimu. Ukiwa na nafaka na ujuzi, njia mojawapo ya kupata fedha ni kupika na kuuza. Huko Dar es Salaam, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Mjerumani Schultze alikuwa tayari na kiwanda chake cha bia kwa ajili ya Wazungu wenzake.

Wakati huo huo mataifa ya Ulaya yalikuwa yanakubaliana kuhusu koo za Waafrika. Mkataba wa Brussels wa 1890, pamoja na kupinga utumwa, uliweka mipaka ya biashara ya pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika. Mkataba wa Saint-Germain-en-Laye wa 1919 ukaongeza makali. Waingereza walipokabidhiwa Tanganyika na Shirikisho la Mataifa, hati ya udhamini ya 1922 iliwataka wadhibiti uuzaji wa vileo vikali. Kwa maandishi ni ulinzi wa wenyeji. Kwa vitendo pakawa na ngazi mbili. Bia ya chupa na vinywaji vya Kizungu vilikuwa vya Wazungu na wachache waliopewa kibali, na Mwafrika aliachiwa "pombe ya kienyeji", nayo mijini ikawa inapikwa na kuuzwa kwa leseni tu.

Halmashauri za miji zikagundua jambo: pombe hiyo ina fedha. Durban, Afrika Kusini, walianza mapema: manispaa ikajipa haki ya peke yake ya kupika na kuwauzia Waafrika pombe, kisha faida ikatumika kuendesha makazi ya Waafrika haohao. Nairobi wakaiga miaka ya 1920 kwa kufungua ukumbi wa pombe wa manispaa Pumwani. Mwanamke aliyekuwa akipika nyumbani kwake akageuka mhalifu, kwa kinywaji kilekile ambacho manispaa inauza ng'ambo ya barabara.

Viwanda navyo vikaja. Kenya Breweries ilianza 1922. Mwaka uliofuata mmoja wa waanzilishi, George Hurst, akauawa na tembo, na ndiyo asili ya jina Tusker. Tanganyika Breweries ilianza 1933, miaka miwili baadaye ikanunuliwa na wale wa Kenya, na mwaka 1936 kampuni yao ikaitwa East African Breweries. Baada ya Vita Kuu ya Pili marufuku ya Waafrika kunywa bia ya chupa ikaanza kulegezwa. Uhuru ulipofika, kukaa baa na chupa mezani kulikuwa na maana zaidi ya kiu. Ilikuwa haki mliyonyimwa.

Naona hapo ndipo dharau yetu ilipozaliwa. Chupa ikawa cheo na kopo likawa ushamba. Uhuru haukufuta ile ngazi, uliwaruhusu tu wenye fedha kupanda. Azimio la Arusha la 1967 lilipokuja, viwanda vya bia vilikuwa kati ya kampuni ambazo dola ilichukua hisa nyingi. Mwaka 1993 vikabinafsishwa kwa ubia na kampuni ya Afrika Kusini. Sheria ya Vileo ya 1968 ikapanga leseni na saa za kuuza. Na mpika komoni? Akaendelea kuonekana mtu wa kuvumiliwa, anayefunga mlango akisikia viatu vya askari.

Waliokuwa wameshajipanga

Kuna sehemu moja ya historia hii ambayo sikufundishwa shuleni, ingawa TANU tuliisoma mpaka tukaikariri. TANU ilianza 7 Julai 1954. Mwaka uliofuata mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, aliwauliza viongozi wanawake wako wapi. Hapo ndipo Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa kikundi cha ngoma, akapewa kazi ya kuongoza sehemu ya wanawake.

Sasa jiulize, msomaji: unaanzaje kuandikisha mamia ya wanawake ndani ya miezi michache, bila simu, bila gari la chama? Unawaendea waliokwisha kujipanga. Mwanahistoria Susan Geiger, aliyewahoji wanawake hao na kuandika kitabu cha *TANU Women* mwaka 1997, anaonyesha kwamba Bibi Titi alipita kwenye vikundi vya ngoma na kwa wapika pombe wa Dar es Salaam. Wanawake hawa walikuwa na fedha zao mkononi, walizoea kukopeshana na kudhaminiana, walijuana mtaa kwa mtaa, na walishachoka kusumbuliwa na serikali kuliko mtu yeyote. Wengi hawakuwa na shule, lakini kadi ya TANU walinunua mapema kuliko makarani waliokuwa wanaogopa kufukuzwa kazi.

Kwa hiyo ukisikia mtu anasema wapika pombe hawana mchango kwenye taifa hili, mwambie arudi 1955.

Upande wa pili wa kopo

Nisikudanganye kwamba mambo yote ni mazuri. Nimekulia kwenye pombe, nayajua. Darasani kwetu alikuwepo mtoto ambaye baba yake alikuwa mteja wa mama wa kila siku. Yule mtoto alirudishwa nyumbani kwa ajili ya ada zaidi ya mara moja. Mimi sikurudishwa. Fedha iliyonibakiza darasani inawezekana kabisa ilikuwa ya baba yake. Nimejaribu kutafuta hesabu ya kunisafisha hapo, sijaipata.

Kuna na hatari nyingine, ila tuzitaje kwa majina yake. Watu husema pombe ya kienyeji inaua kwa sababu "ina methanoli". Pombe ya nafaka iliyochachuka kwa kawaida haitengenezi methanoli ya kukuua. Vifo vya halaiki, kama vya Nairobi mwezi Novemba 2000 vilivyochukua zaidi ya watu 100, vilitokana na methanoli kuingizwa kwenye vinywaji. Komoni ina hatari yake tofauti: mahindi yaliyoota ukungu. Sumukuvu haiishi kwa kuchemsha uji, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara kupitia chakula cha mahindi. Kwa hiyo ukiwa na ushauri wa kumpa mpika pombe, mwambie achague nafaka safi na aianike vizuri. Huo utamsaidia yeye na wateja wake kuliko matusi.

Na kwa sisi wa Ifakara, kuna mbu. Mji huu unajulikana kwa utafiti wa malaria tangu Rudolf Geigy kutoka Basel alipofika 1949 na maabara ya Waswisi kufunguliwa 1957, na wengi wetu mezani pale tunaishi kwa kuhesabu mbu. Mwaka 2010 watafiti waliofanya kazi Burkina Faso walichapisha jaribio: watu 25 walipewa dolo, pombe yao ya mtama, na 18 wakapewa maji. Mbu wa *Anopheles gambiae* walivutiwa zaidi na harufu ya watu baada ya kunywa dolo. Maji hayakubadilisha kitu. Hapo tulikuwa tumekaa nje, saa tatu usiku, suruali zimekunjwa kwa joto. Mmoja akakumbuka hilo jaribio, tukacheka, kila mtu akashusha suruali. Chandarua kiko nyumbani kitandani na wewe uko kilabuni. Ni pengo ambalo watafiti wa hapa wanahangaika nalo kweli.

Togwa, upande wake, inastahili sifa. Miaka ya 1990 watafiti wa Tanzania na Uswidi, akiwemo Rose Kingamkono, walionyesha kwamba watoto waliolishwa togwa walikuwa na bakteria wachache wa kuharisha kwenye choo chao kuliko waliolishwa uji usiochachuka. Asidi ile ya laktiki inawabana wadudu wabaya. Teknolojia ni ileile ya kimea na uchachu, ukikatiza tu kabla kilevi hakijaingia.

Alichouliza mama

Kesho yake nilirudisha madumu nyumbani. Mama alikuwa anageuza kimea juani. Nikamsalimia, nikakaa kwenye ndoo, nikamweleza yote: vikombe vitatu, watu saba kati ya wanane, na yule Mzungu wa Dublin mwenye jina la Mwanafunzi. Alisikiliza huku mikono inafanya kazi.

"Huyo naye alikuwa anapika?"

"Hapana mama. Alikuwa anahesabu."

"Basi nani alikuwa anapika?"

Sikuwa na jibu. Majina ya Gosset, Hansen, Sørensen ninayo, ya waliokuwa wanageuza shayiri kwenye sakafu ya kiwanda sina. Akaendelea:

"Na hao saba, walisema ipi tamu?"

Msomaji, hatukuuliza. Tulipima kama wanaona tofauti, hatukupima wanapenda ipi. Mama akanitazama kama mtu aliyelipa ada bure. "Sasa mwanangu, utafiti gani huo?"

Nina ombi moja kwako. Kama nyumbani kwenu kuna bibi, mama au shangazi anayepika, iwe komoni, mbege, kangara au togwa tu, nenda na daftari. Muulize ulezi unaloweka saa ngapi, kimea kinaota siku ngapi, anajuaje kimekuwa tayari, machicha anayahifadhi wapi, nani alimfundisha, na leseni au faini aliwahi kulipa kiasi gani na mwaka gani. Wanaoyajua haya wanazeeka, na binti zao wengi wanataka kazi nyingine, jambo ambalo siwalaumu nalo. Wakiondoka na pipa likasuguliwa kwa sabuni, ule ukoo wa wadudu wa miaka mingi unakwisha siku hiyo hiyo.

Mimi nimeanza na mama. Wiki hii pia najaza maombi ya shahada ya uzamivu, na kwenye fomu kuna mstari ule ule. Nikamwambia safari hii naandika "mpika pombe".

Akafikiri kidogo, akamwaga kimea kingine kwenye jamvi.

"Andika," akasema. "Ila na kulima nalima. Andika yote mawili."